Sauti ya Mama Ndani ya Diski Iliyofutwa

Ilikuwa Jumamosi ya mwanzo wa Februari 2020, baada ya swala ya Isha, nyumbani kwetu Ngamiani, mjini Tanga. Dada yetu aliyeolewa Mombasa alikuwa amevuka mpaka wa Horohoro siku hiyo pamoja na wanawe watatu, na nyumba ilikuwa imejaa kama ilivyokuwa ikijaa zama za uhai wa wazee wetu. Mtoto wake wa mwisho, aliyezaliwa mwaka mmoja baada ya mama yetu kufariki, aliomba jambo moja tu: aonyeshwe bibi yake akitembea, maana ile picha ya ukutani alikuwa ameizoea. Tukacheka, tukamkalisha mkekani pamoja na wenzake, tukaiwasha kompyuta iliyokuwa pembeni mwa sebule.

Folda tuliyoizoea hatukuiona. Tukadhani imehamishwa, tukatafuta huku na huku, tukaandika jina la mama, tukaandika neno "harusi", tukaandika neno "Iddi". Kompyuta ikajibu kuwa hakuna kitu. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye ndiye aliyebaki katika nyumba ya wazee, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Akasema polepole, "Ilikuwa nzito sana. Nikaipeleka kwa fundi, akaipiga Windows upya."

Hakuna aliyemjibu kwa muda. Kisha tukamjibu wote kwa pamoja, na maneno tuliyoyasema usiku ule ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya. Tunaandika tukiwa ndugu watano, na mdogo wetu ameyasoma na kuyaridhia kabla hayajaletwa gazetini.

Kwanza tueleze kilichokuwamo. Marehemu baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinunua kamera ya video mwaka 2004, zile zilizotumia kanda ndogo zilizoenea katika kiganja. Hakuwa mtu wa anasa. Alisema tu kwamba baba yake mwenyewe alifariki bila kuacha hata picha ya kitambulisho, na kwamba hakutaka wajukuu wake wapate msiba wa namna hiyo. Akawa anatupiga picha katika mambo ya kawaida kabisa: asubuhi ya Iddi tukirejea kutoka uwanjani, watoto wa madrasa wakisomeana, mama akigeuza mkate wa kumimina, akika ya mjukuu wa kwanza, nikahi ya dada yetu mkubwa. Alipofariki mwaka 2010 aliacha kanda ishirini na mbili ndani ya bati la biskuti.

Anayeishi pwani anajua hewa ya chumvi na unyevunyevu inavyofanya kazi yake. Mwaka 2011 tulipolifungua lile bati tulikuta kanda mbili zimeanza kuota ukungu mweupe. Kaka yetu mkubwa akazichukua zote, akaziingiza katika kompyuta moja baada ya nyingine, kwa wiki tatu. Video ya kanda zile ni nzito. Saa moja hula takriban GB 13, kwa hiyo saa ishirini na mbili zilijaza zaidi ya nusu ya diski yetu ya GB 500. Kazi ilipokwisha tulishusha pumzi, tukaona tumeokoa mali ya familia. Zile kanda tukazirudisha katika bati, na bati likakaa chini ya ngazi hadi maji ya mvua yakaliingia. Hakuna aliyelifungua tena ila siku ya kulitupa.

Hivyo ndivyo kumbukumbu za watu saba zilivyobaki mahali pamoja, katika mashine moja, na hatukumwambia mtu yeyote kwamba yeye ndiye mlinzi wake.

Usiku ule wa Februari sisi wanne tulimgeukia mdogo wetu. Tulimuuliza kwa nini hakuuliza. Tulimwambia kuwa amemzika mama mara ya pili. Neno hilo lilitutoka, na tunalikiri hapa mbele ya wasomaji kwa sababu halikuwa la haki. Yeye alieleza mara moja tu. Fundi alimwambia kuwa ile Windows 7 imefikia mwisho wa kuhudumiwa na waliyoitengeneza, tarehe 14 Januari mwaka ule, na kwamba ni bora kuiondoa yote na kuweka mpya. Akamuuliza, "Kuna kitu cha muhimu humu?" Naye akajibu kuwa hakuna, kwa sababu vitu vyake vyote vya kazi alikuwa ameviweka katika flashi. Hakujua kuwa video za wazee zimo ndani. Hakuwahi kuifungua folda ile hata siku moja.

Hatukumwamini. Tuliona haiwezekani mtu akae na kompyuta miaka yote ile asijue kilichomo. Alikwenda kulala bila kula, na kesho yake aliondoka kwenda kazini kabla hatujaamka.

Aliyetutoa katika hasira alikuwa mpwa wetu anayesoma chuo Dar es Salaam. Tulipompigia simu tukilia, hakutuliwaza, alituuliza swali moja: "Kompyuta imewashwa sasa hivi?" Tukasema ndiyo, tumekuwa tukiitafuta folda tangu jana. Akasema kwa sauti ambayo mtoto hamwambii mkubwa wake, "Mjomba, izimeni. Izimeni sasa, msifungue kitu kingine." Kisha akatueleza jambo ambalo tunalieleza hapa kwa lugha yetu, maana tuna hakika wapo wasomaji watakaolihitaji.

Chukua mfano wa mtaa wenye nyumba mia tano, na daftari la mjumbe linaloonyesha kila nyumba ilipo na mwenyewe ni nani. Fundi anapoifomati diski kwa njia ya haraka, havunji nyumba. Analichana daftari na kuweka jingine jeupe. Nyumba zote zingali zimesimama, lakini anayelitazama daftari jipya huona viwanja vitupu mtaa mzima. Hatari inaanzia hapo. Kila mgeni anayekuja kuomba kiwanja, mjumbe humpa, naye huvunja nyumba iliyokuwapo na kujenga yake. Windows mpya ni mgeni wa kwanza, tena mwenye familia kubwa. Kila programu inayowekwa, kila video ya mawaidha inayopakuliwa, kila barua inayoandikwa, ni mgeni mwingine. Hata kuiwasha tu kompyuta na kutafuta ndani yake huandika vitu vidogo vidogo vya siri bila mtu kuamriwa.

Basi mtu akigundua kuwa amepoteza kitu, jambo la kwanza ni kusimamisha ujenzi. Azime mashine. Asiweke ndani yake ile programu ya kurejesha vilivyopotea, kwa kuwa programu hiyo nayo itahitaji kiwanja. Diski itolewe, ifungwe katika kompyuta nyingine kama mgonjwa anavyolazwa, na chochote kitakachopatikana kihifadhiwe katika diski tofauti.

Mpwa wetu alituuliza pia fundi alifomati kwa njia gani. Tangu ilipotoka Windows Vista, ufomati kamili huandika sufuri juu ya diski nzima, yaani huvunja nyumba zote na kusawazisha ardhi; hapo hakuna cha kurejesha. Tulimrudia yule fundi, naye alitujibu kwa uungwana kuwa alifanya ule wa haraka, kwa kuwa wateja walikuwa wengi siku hiyo. Hatukuwahi kufikiri kuwa tungemshukuru mtu kwa haraka yake.

Kukawa na jambo la pili, zito kuliko mashine. Katika zile video mlikuwamo harusi, na katika harusi mlikuwamo upande wa wanawake. Dada zetu, wake zetu, shangazi zetu na majirani, wengine wamekwisha kufariki, walirekodiwa na dada yetu wa pili wakiwa ndani kwao, vichwa wazi, wakicheza na kucheka kama watu walio katika sitara yao. Kumkabidhi mtu baki diski ile ni kumkabidhi pia nyuso na nywele za watu ambao hawakutoa idhini hiyo. Dada yetu wa Mombasa alisema waziwazi kuwa kama njia ni hiyo, ni afadhali zipotee. Kaka mkubwa alisema hawezi kuiacha sauti ya baba ipotee kwa sababu ya dakika arobaini za ngoma. Tulibishana mpaka usiku wa manane, na kila upande ulikuwa na haki yake.

Mwisho tulikubaliana hivi. Tulimpata kijana mmoja Dar es Salaam, anayesifiwa na mpwa wetu kwa kazi na kwa uaminifu. Tukamweleza hali yetu bila kumficha. Naye akatusikiliza, akasema, "Mama, mimi sina haja ya kufungua hata moja. Mimi nitatazama ukubwa tu. Atakayefungua ni nyinyi." Akakubali kazi ifanyike mmoja wetu akiwa amekaa pembeni yake, na baada ya kwisha nakala zote ziondoke nasi, asibakiwe na chochote. Tunaandika haya kwa kuwa wengi hupeleka simu na kompyuta kwa mafundi bila kukumbuka kuwa humo ndani mna sitara ya watu wengine. Kuuliza mapema si kumdhania fundi ubaya. Na fundi mwema hachukii kuulizwa.

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu. Siku ya kwanza hakuigusa video yoyote; alitengeneza nakala ya diski nzima, chembe kwa chembe, katika diski mpya ya TB 1 tuliyoinunua Kariakoo, kisha ile ya asili akatukabidhi tuiweke mkobani. Alisema mkono wake ukikosea, ukosee juu ya nakala. Siku ya pili aliiachia programu iitwayo PhotoRec, iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier na kutolewa bure kwa watu wote. Programu hiyo hailitazami daftari kabisa. Hupita mtaa mzima mlango kwa mlango, ikitazama umbo la kila nyumba: hii ina mlango wa picha, hii ina mlango wa video, hii ni barua. Kila inayoitambua huitoa nje na kuipa namba, kwa kuwa jina la mwenyewe lilipotea pamoja na daftari.

Ilikesha usiku kucha. Asubuhi tulikuta maelfu ya faili zenye namba tupu: picha ndogo za matangazo, barua za kazi za miaka ya nyuma, sauti za nusu dakika, na ndani ya rundo hilo video 143. Furaha yetu ilidumu mpaka tulipoanza kuzifungua. Zile zilizokuwa mwanzoni mwa diski zilikwisha kufunikwa na Windows mpya. Nyingine zilikuwa zimehifadhiwa vipande vipande, hapa kipande, pale kipande, na programu isiyo na daftari haiwezi kujua kipande cha pili kiko wapi. Kwa hiyo zilianza vizuri, kisha zikageuka kuwa miraba ya rangi na mkwaruzo. Video 58 tu ndizo zilizofunguka, na zote pamoja zilifikia saa tisa kati ya zile ishirini na mbili.

Dada zetu walijifungia chumbani na kuzipitia zote kwanza, wakazitenga za upande wa wanawake, kisha wakatuita. Nikahi ya dada mkubwa haikurudi, isipokuwa dakika nne ambamo baba anaonekana akimkaribisha sheikh na kumwonyesha pa kukaa. Akika haikurudi kabisa. Zile tulizozililia zaidi hazikuja, na zilizokuja ni zile ambazo tungeulizwa zamani tungesema zifutwe: paka akilala juu ya mtungi, mvua ikinyesha uani, baba akijaribu kamera na kuuliza kama taa nyekundu inawaka, mama akipita na ndoo.

Katika hizo mlikuwamo moja ya dakika sita, ya jikoni, Ramadhani ya mwaka 2009. Mama amekaa juu ya kibao, anakuna nazi, na kaka mkubwa ndiye aliyeshika kamera. Mama hamtazami. Anasema, "Zima hiyo uje unisaidie, magharibi hii inaingia." Kaka hazimi. Mama anaendelea kukuna, kisha kama mtu aliyekumbuka jambo anasema, "Na mnikumbushe. Zile pesa za khanga za mwenzangu wa Bweni sijazimaliza. Elfu thelathini na mbili. Nikifa leo mtalipa nyinyi." Halafu anacheka, anapuliza kuni, na picha inakatika.

Tuliitazama mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyecheka. Mama alifariki mwaka 2016. Siku ya mazishi kaka mkubwa alisimama mbele ya watu na kutangaza, kama ilivyo ada, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, naye ndiye aliyekuwa ameisikia kauli ile kwa masikio yake. Aliisahau. Hakuna mtu kutoka Bweni aliyejitokeza, na huenda habari haikumfika. Miaka minne ilikuwa imepita, na mama yetu alikuwa ametuomba kitu kimoja, tena mbele ya kamera, na sisi tulikuwa tumekihifadhi kama burudani.

Jumapili iliyofuata tulikwenda Pangani, wote watano. Mdogo wetu tulimwomba atufuate, naye alikuja bila kusema mengi. Safari si ndefu, ni kama kilomita hamsini kutoka Tanga, lakini ilikuwa ndefu kwetu. Tulivuka mto kwa pantoni mpaka ng'ambo ya Bweni, tukauliza nyumba ya mama aliyekuwa akiuza khanga, tukaelekezwa kwa mara ya kwanza tu. Tulimkuta barazani akichambua mchele, mzee sana, macho yameingia ukungu, lakini tulipotaja jina la mama yetu aliiweka kando ile ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mbona mmekuja wote? Kuna habari?"

Kaka mkubwa akamweleza. Akatoa bahasha, akaiweka juu ya mkeka. Mama yule hakuigusa. Alisema, "Ichukueni. Mama yenu alilipa. Alikuja mwenyewe Mfunguo Mosi, mwaka huohuo, akavuka na pantoni hii mliyovukia. Akanihesabia mkononi, akanipa na tende. Mngejua alivyoogopa deni msingekuja na hofu hiyo."

Tulishukuru, na baadhi yetu machozi yalitutoka. Video ile ilikuwa imetuonyesha mama akiwa na deni, na ilikuwa kweli. Lakini haikutuonyesha kuwa mwezi mmoja baadaye alilimaliza, kwa kuwa siku hiyo hapakuwa na mtu aliyeshika kamera. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqarah, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Tulikuwa tumeisoma tangu utotoni. Siku ile barazani ndipo tulipoielewa kwa upande wa wanaoachwa nyuma: mstari mmoja katika daftari ungetosha kutuambia deni lilipo na lilipokwisha.

Kisha mama yule akauliza, "Hiyo sauti yake mnayo? Hebu nisikie." Tukamwekea simu karibu na sikio. Aliisikiliza mara tatu. Mara ya tatu aliponyanyua uso alisema, "Ndiye. Hivyohivyo alivyokuwa akiamrisha." Akawatazama ndugu zetu mmoja mmoja, akauliza, "Na yupi kati yenu ndiye wa mwisho, aliyemuuguza?"

Mdogo wetu akainua mkono kidogo, kama mtoto darasani.

"Alinipigia simu akiwa kitandani," mama yule akasema. "Akaniambia, mwanangu huyu ananigeuza usiku mara nne, na hajawahi kunguna hata siku moja. Nimwombee dua. Nami namwombea mpaka leo."

Hakuna aliyenena. Ugonjwa wa mama ulidumu miezi minane. Kaka mkubwa alikuwa Dar es Salaam, dada alikuwa Mombasa, sisi wengine tulikuwa na watoto wadogo na kazi. Tulikuja Ijumaa na kuondoka Jumapili. Mdogo wetu aliacha kazi ya bandarini akakaa naye. Alimpikia uji, alimtawadhisha, alimsomea. Tulipokuwa tunarudi, juu ya pantoni, ndipo alipotujibu lile swali la usiku wa Februari, bila kuulizwa tena. Alisema, "Hamkuniamini niliposema sikuwahi kuifungua ile folda. Mimi sikuwa na haja ya kumtazama humo. Nilikuwa naye."

Tulimwomba msamaha palepale, katikati ya mto, watu wakitutazama. Naye alitusamehe, akatutania kuwa mwenye kosa hasa ni yule aliyeliweka bati chini ya ngazi inayovuja. Huyo tunamjua, ni sisi sote.

Tangu siku ile tumebadili mambo kadhaa nyumbani, na tunayataja kwa manufaa ya familia nyingine. Zile saa tisa zina nakala tatu: moja katika kompyuta, moja katika diski iliyofungwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya kazi hiyo tu, na moja iko Mombasa kwa dada yetu, kwa kuwa moto au maji yakiingia nyumba moja hayaingii zote mbili. Kila mwaka, katika mwezi wa Shaabani, tunazifungua zote tatu kuhakikisha zinafanya kazi, kwa sababu diski iliyowekwa kabatini nayo huzeeka. Zile za upande wa wanawake zina diski yao, na ufunguo wake wa siri uko kwa dada zetu. Na ndani ya mlango wa kabati tumebandika karatasi iliyoandikwa kwa mkono: nini kiko wapi, na nani anakitunza. Mgeni yeyote katika nyumba akiisoma atajua kuwa kompyuta ile si ya kupeleka kwa fundi kabla ya kuuliza.

Tunawatanabahisha pia wasomaji kuwa bahati tuliyoipata haipatikani kila mara. Diski yetu ilikuwa ya zamani, yenye sahani inayozunguka. Kompyuta nyingi za siku hizi zina diski za aina mpya, ambazo kitu kikifutwa mashine yenyewe hufagia kiwanja muda si mrefu, na kurejesha huwa kugumu sana au kutowezekana. Simu nazo hufunga vilivyomo kwa ufunguo unaopotea simu inapofutwa. Asiyeweka nakala leo asitegemee kwamba kesho atapatikana kijana wa kumkeshea.

Mtoto wa dada yetu alirudi kwao Mombasa akiwa amemwona bibi yake, ingawa si kama tulivyopanga. Hakumwona katika harusi amevaa dhahabu. Alimwona jikoni amekasirika kidogo, anakuna nazi, anamwambia mtu azime kamera aje asaidie. Mama yake anasema kila akipika na akimwita mtoto yule aache simu, mtoto humjibu kwa sauti ya bibi: "Magharibi hii inaingia."

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu na wazazi wenu waliotangulia, na atuwezeshe kutunza walichotuachia, pamoja na wale waliowatunza.